Kizunguzungu cha mwanangu: uzoefu wangu na kliniki ya masikio Mtwara mjini

Mwanangu ana miaka 6. Siku hiyo alikuwa anacheza uani kwetu Mikindani, ghafla akakumbatia nguzo ya baraza, uso umempauka, analia: "Mama, mkorosho unakimbia!" Dakika tatu hazikuisha, akarudi kwenye rede na wenzake. Ikawa inajirudia.

Zahanati tuliyoanzia walipima malaria, hakuna. Wakasema damu imepungua, tukapewa dawa ya kuongeza damu bila hata kuipima. Hakuna aliyemuuliza mtoto anahisi nini. Hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Kliniki ya masikio, pua na koo nilifika saa moja asubuhi, nikaingia saa sita. Lakini mle ndani daktari hakuwa na haraka. Aliinama akamuuliza mwenyewe: "Mjukuu wangu, vitu vinazunguka, au macho yanaingia giza ukisimama?" Akachungulia masikio kama kuna maji nyuma ya ngoma ya sikio. Akampima presha amelala, kisha amesimama. Akamtembeza juu ya mstari wa sakafu, kisigino kikigusa vidole. Damu ikapimwa: 11.8, inatosha kwa umri wake.

Kilichosaidia zaidi ni video niliyochukua kwa simu kizunguzungu kilipomshika. Macho yanateleza taratibu upande mmoja, halafu yanaruka kurudi, tena na tena. Daktari aliirudia mara tatu, kisha akanigeukia: "Na wewe mama, huna kipandauso?" Ninacho tangu usichana! Sikuwahi kuunganisha.

Akanieleza kwamba hiki ni kizunguzungu cha utotoni cha kujirudia, kina undugu na kipandauso, na watoto wengi hukiacha wakikua. Kwa kuwa kikishapita anatembea vizuri na anasikia vizuri, hakuona haja ya picha ya kichwa. Ila akitapika asubuhi, kichwa kikizidi kumuuma, akiyumba muda wote, usikivu ukipungua au akizimia, nimrudishe siku hiyo hiyo.

Dawa hakuandika. Alitaka mtoto alale vya kutosha, asikae na njaa, nami niandike kila kinapomjia. Daftari lina mistari mitatu tu mpaka sasa, na miwili ni ya siku alizokesha kwenye shughuli ya jirani.

Naomba waongeze siku za kliniki. Mara moja kwa wiki ni kidogo mno. Mama niliyekaa naye kwenye benchi alitoka Newala na mwanawe, ikabidi walale mjini.