Kawasaki GPZ900R ya mwaka 1984: uzoefu wangu

Nianze na majibu mawili ninayoyatoa kila nikiegesha piki hii mahali penye watu. Ndiyo, bado inakimbia. Na hapana, haiuzwi.

Ni Kawasaki GPZ900R, toleo la kwanza la mwaka 1984, lile linaloitwa A1. Niliinunua hapa Uingereza ninakoishi kwa bei iliyo chini kidogo ya pauni 4,000, na nimeiendesha misimu kadhaa sasa: kwenda kazini Leicester siku za jua, na Jumapili kupandisha milima ya Derbyshire. Naandika kwa ajili ya ndugu zetu walioko huku wanaozitamani piki za mbio za miaka ya themanini, maana maswali ni mengi na wauzaji wanajua kupamba maneno.

Mwaka 1984 hakukuwa na kitu kama hiki dukani. Injini ya cc 908, silinda nne, valvu 16, inapozwa kwa maji, nguvu za farasi kama 115. Wahandisi waliitoa cheni ya kemshafti (shafti inayofungua valvu) katikati ya silinda ilikozoeleka kukaa, wakaipeleka pembeni upande wa kushoto, na alteneta, inayozalisha umeme, wakaisogeza nyuma ya silinda. Injini ikawa nyembamba, ikaweza kukaa chini kwenye fremu bila kukwaruza lami unapolala na kona. Hii ndiyo pikipiki ya kwanza ya kununuliwa dukani kupita maili 150 kwa saa, yaani zaidi ya kilomita 240. Mwaka huohuo ilishika nafasi ya kwanza na ya pili katika mbio za piki za kawaida kule kisiwa cha Isle of Man. Marekani iliuzwa kwa jina la Ninja, na miaka miwili baadaye Tom Cruise akaonekana juu yake katika Top Gun, ile filamu ya marubani wa jeshi la majini. Mpaka leo filamu hiyo inatupandishia bei sisi wanunuzi, na sijapata sababu ya kumshukuru.

Sasa barabarani. Injini ikiwa chini ya mizunguko 6,000 kwa dakika ni piki ya upole kabisa, unaweza kumpakia shangazi. Ukivuka hapo sauti inabadilika, inaanza kuvuta kwa hasira, na inaendelea kuvuta hadi karibu na mstari mwekundu wa 10,500. Kwenye barabara kuu ya M1, kwa maili 70 kwa saa ambazo ndizo kikomo cha sheria, injini bado haijaanza kazi. Ndani yake kuna shafti ya kusawazisha, kwa hiyo mikono haifi ganzi kwenye safari ndefu. Kiti kiko sentimita 78 tu kutoka ardhini, kipana, na hendeli haikulazimishi kulala juu ya tanki. Mke wangu hupanda nyuma mpaka Matlock Bath, wanakokusanyika wapanda piki wikendi, na hushuka bila malalamiko. Piki ya kisasa ya mwenzangu alipanda mara moja, akasema yatosha.

Tanki linabeba lita 22. Unasahau vituo vya mafuta.

Upande wa mbele ndio unaokukumbusha umri wake. Gurudumu ni la inchi 16, mtindo ulioletwa na mbio za wakati ule ili piki kubwa iingie kona upesi. Inaingia kweli, tena wakati mwingine kuliko ulivyokusudia. Ukigusa breki ya mbele ukiwa katikati ya kona, piki inataka kuinuka wima na kwenda moja kwa moja, wakati wewe na barabara mna mpango mwingine. Dawa yake ni kumaliza breki zako kabla ya kona, uingie na gia sahihi, kisha uipe mafuta kidogo kidogo. Uzito nao upo: kilo 228 kabla hujatia petroli, maji wala oili. Polepole kwenye maegesho unausikia wote. Ikishaanza kutembea, uzito huo unapotea.

Breki zenyewe ni diski mbili mbele, na zinahitaji mkono. Hakuna ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki kwa nguvu. Hakuna kompyuta inayozuia tairi la nyuma lisiteleze kwenye majani mabichi ya Oktoba. Kuna kifaa cha kuzuia pua isizame unapofunga breki, kilichosifiwa sana kwenye matangazo ya enzi zile. Mimi sioni tofauti kubwa, na wamiliki wengi wameshakiondoa. Kilicholeta tofauti ni mipira inayopeleka mafuta ya breki. Niliitoa ile ya asili, nikaweka yenye wavu wa chuma, na ghafla nikapata breki. Kama una pesa ya kufanya jambo moja tu, fanya hilo kabla ya kufikiria rangi.

Kuhusu kununua, hapa Leicester tumebahatika. Idi Amin alipowafukuza Wahindi Uganda mwaka 1972, wengi walihamia mji huu, wakawakuta wenzao waliotoka Kenya na Tanganyika. Mafundi wa rika lile wanazungumza Kiswahili kuliko watoto wetu. Wangu ni mzee aliyezaliwa Kisumu. Nilipompelekea picha za piki kabla sijalipa, nilimwambia, "Mzee, tatizo imetembea maili 40,000." Akacheka.

"Kijana, maili achana nazo. Uliza imelala miaka mingapi."

"Maili 40,000 si nyingi, mzee?"

"Kwa injini hii, ikibadilishwa oili kwa wakati? Si kitu. Kinachoiua ni kulala."

Tangu hapo nimeangalia piki nyingi za watu, na bado sijaona aliyekosea isipokuwa waliompinga mzee huyu. Piki iliyowekwa miaka kumi chini ya turubai, safi, inang'aa, maili kidogo, ndiyo itakayokufilisi. Petroli inakauka ndani ya kabureta. Tanki linashika kutu kwa ndani, ambako mwenye kamera hapigi picha. Sili za shoki za mbele zinakakamaa, pistoni za breki zinang'ang'ania, mipira inayounganisha kabureta na injini inapasuka na kuanza kuvuta hewa. Matairi yanaweza kuwa na maua yote na bado yasifai: soma tarakimu nne ubavuni, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Nimeona piki ikitangazwa kuwa na "matairi mapya" yaliyotengenezwa mwaka 2009.

Yangu ilikuwa imelala. Kabureta zote nne zilijaa uchafu kama asali iliyoganda, na mzee alizifungua, akazipitisha kwenye mashine ya kuosha kwa mawimbi ya sauti, akabadilisha mipira yote midogo, kisha akazisawazisha ili zivute hewa sawasawa. Gharama ya kazi hiyo peke yake ingeninunulia simu nzuri. Lakini tangu siku ile inawaka kwa kuvuta choki na kugusa stata, hata Januari.

Jambo la pili la kukagua ni kemshafti. Matoleo ya mwanzo yanajulikana kwa kemshafti kuchubuka. Kila kidole cha kusukuma valvu kina pembe mbili, kinabonyeza valvu mbili kwa pamoja, na kila pembe ina skrubu yake. Fundi mzembe akiziacha skrubu hizo zikipishana, kidole kinasimama upande na kuikwangua kemshafti. Oili ikichelewa kubadilishwa, mambo yanaharakishwa. Kwa hiyo mwombe muuzaji afungue kifuniko cha juu, umulike tochi. Ukiona vishimo, toa bei mpya au nenda nyumbani. Akikataa kufungua, umeshajibiwa. Zuri ni kwamba skrubu hizo hazihitaji kung'oa kemshafti, hivyo fundi mwangalifu anarekebisha valvu kwa nusu siku.

Spea hazijanisumbua nilivyoogopa. Piki hii iliendelea kuuzwa Japani hadi mwaka 2003, ndiyo maana gasketi, klachi, beringi na vitu vya injini bado vinapatikana. Maumivu yako kwenye plastiki. Kava la ubavuni lisilo na ufa linauzwa kwa bei ya kuchekesha, na nembo zake vivyo hivyo. Tairi la mbele la inchi 16 lipo, ila chaguo ni chache.

Mafuta: tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida hapa Uingereza ni E10, yenye ethanoli hadi asilimia kumi, na mipira ya zamani haiipendi. Mimi natia ile ya daraja la juu, E5. Ni ghali kidogo, lakini bili ya kabureta niliyokwisha kulipa inatosha.

Kwenye karatasi, umri umeanza kunilipa. Piki iliyotengenezwa kabla ya Januari 1985 haidaiwi kodi ya barabara tangu Aprili 2025, mradi uisajili kuwa chombo cha kihistoria. Ukaguzi wa kila mwaka nao si lazima ikishatimiza miaka 40 bila kubadilishwa sana. Mimi naipeleka hivyohivyo, kwa sababu naipanda mimi na si serikali. London, ambako piki nyingi za zamani hutozwa pauni 12.50 kwa siku kwa ajili ya moshi, ya kihistoria inapita bure. Bima chukua ile mnayokubaliana thamani mapema. Bila hiyo, ikiibiwa utalipwa bei ya pikipiki kuukuu.

Nilifikiria nyingine pia. Suzuki GSX-R750 ya mwaka 1985 ina kilo 176 tu na fremu ya alumini, ni mashine ya mbio hasa, na viganja vya mikono yangu viliikataa baada ya nusu saa. Honda VFR750F ya 1986, ambayo kemshafti zake zinazungushwa kwa gia badala ya cheni, pengine ndiyo yenye akili kuliko zote. Ukitaka amani, nunua hiyo. Mimi ile injini ya Kawasaki ikifika 7,000 ilinimaliza.

Binamu yangu Mombasa ananisumbua: "Kaka, ilete tuipige Nyali." Kule bodaboda ni Boxer na TVS, na maduka ya spea yamejaa vitu vyao. Ikihitaji gasketi moja ya GPZ itakaa kwenye kibaraza ikingoja mtu wa kutoka Ulaya, na hapo tumerudi kwenye kulala.

Nyota nne kati ya tano. Ile moja imekatwa na gurudumu la mbele. Kwa anayetaka kuendesha kuliko kuonyesha, atafute toleo la A7 la mwaka 1990 kuendelea: gurudumu la mbele la inchi 17, shoki nene za milimita 41, breki za pistoni nne kila upande, matairi tele sokoni, na injini ni ileile. Wakusanyaji bado wanazikimbilia za 1984, kwa hiyo mara nyingi A7 utaipata kwa bei nafuu zaidi.