Nimeuziwa rangi mbili kwa jina moja: uzi wa sweta la damu ya mzee

Nilikuwa nimekusudia kuusifu uzi huu, na nitausifu, lakini kwanza niseme la moyoni: sijawahi kudharauliwa na muuzaji kama nilivyodharauliwa safari hii.

Niliagiza uzi wa sufi, yaani manyoya ya kondoo, rangi ya damu ya mzee, wa kutosha sweta zima la mikono mirefu. Nikaomba kwa maandishi kwamba vidonge vyote, yale madonge ya uzi, vitoke mkupuo mmoja wa kutiwa rangi. Anayefuma anaelewa kwa nini. Karatasi ya kidonge huwa na namba mbili, moja ya rangi yenyewe, nyingine ya mkupuo ambao uzi huo ulitiwa rangi. Kiwanda kikichemsha rangi upya, hata kwa vipimo vilevile, haitoki sawasawa na ya kwanza. Ukishika kidonge kimoja mkononi huoni tofauti. Ukivifuma kimoja juu ya kingine, inakutazama usoni. Nikajibiwa, "Sawa dada, ondoa shaka." Mzigo ukafika vidonge vimevuliwa karatasi zote, vimeshindiliwa kwenye mfuko mmoja. Nikauliza, nikaambiwa karatasi huwa zinachanika njiani. Zote?

Sasa sifa zake, maana uzi hauna kosa. Nilikuwa nafuma kwa nyuzi mbili kwa pamoja, sufi hiyo na mohea nyembamba ya waridi iliyofifia, ile ya manyoya ya mbuzi wa Angora yaliyosokotwa na hariri katikati. Nilifikiria alpaka, uzi wa manyoya ya mnyama wa jamii ya ngamia, nikaiacha: ni laini kweli, lakini ni nzito na haina mnyumbuko, sweta hurefuka kwa uzito wake lenyewe. Pamba nayo ni hivyohivyo. Sufi ukiivuta hurudi, na sweta linahitaji uzi unaorudi, hasa kwenye pindo la kiunoni na vifundo vya mikono. Mohea kazi yake ni kutandaza ule ukungu wa manyoya juu ya damu ya mzee, ili waridi ionekane kwa mbali kama joto linalotoka ndani. Nilifuma kipande cha majaribio cha sentimita 10 kwa 10 kwa sindano za milimita 5, nikakifua, nikakikausha kimelazwa, ndipo nikakipima. Sufi iliyotiwa dawa ili ihimili mashine ya kufulia hupenda kutanuka ikilowa, na kipimo cha kabla ya kufua kingenidanganya. Kilitoka kizuri mno. Nilikishika shavuni, hakikuwasha hata kidogo.

Nikaanza kutoka pindo kwenda juu. Karibu na makwapa nikaingiza kidonge kingine. Usiku chini ya taa kila kitu kilikuwa shwari. Asubuhi nikalipeleka sweta dirishani na moyo ukaniruka. Chini ya mstari ule wekundu ulielemea kahawia, juu yake ulielemea zambarau, na mpaka wenyewe umenyooka kifuani kutoka kwapa hadi kwapa. Hata mohea, ambayo kwa kawaida husitiri mengi, haikuweza kuuficha.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba dawa yake ni rahisi. Ukijua una mikupuo miwili, unafuma mistari miwili kwa kidonge cha huku, miwili kwa cha kule, tangu mwanzo, na tofauti inayeyuka. Angenieleza ukweli tu! Ningelipa bei ileile na kumshukuru.

Nikamtumia picha zilizopigwa mchana, dirishani. Jibu lake, neno kwa neno: "Dada, rangi ni ileile. Na ukishalivaa nani atakukagua kifuani?"

Mtu anayeuza nyuzi ananiambia hivyo! Kwa hiyo kazi ya mikono yangu, macho yangu, jioni zote zile, si kitu kwa sababu hakuna atakayekagua. Nitakagua mimi. Nilimwomba abadilishe vidonge, akanyamaza. Nikamwandikia tena, akasoma, akanyamaza.

Kufumua nako ni mateso. Sufi peke yake hufumuka ukivuta tu. Mohea manyoya yake yameshikana, kila kitanzi kinang'ang'ania jirani yake, ukivuta kwa nguvu uzi unakatika. Wapo wanaoweka kazi kwenye friza kwanza ili manyoya yalegee. Mimi nilifumua kwa subira, kitanzi baada ya kitanzi, na nimerudi hadi chini ya mpaka ule.

Basi, mnunue au msinunue? Nilitaka kusema msinunue. Lakini nikilishika hili lililobaki, hiki kipande cha kiunoni chenye rangi moja, sioni sufi nyingine ya kuunganisha na mohea ikatoka hivi. Kama mtanunua kwake, dai picha ya karatasi za vidonge kabla ya kulipa, namba zote mbili zisomeke, na ukipokea vilivyovuliwa karatasi rudisha mfuko mzima usifunguliwe. La, hapana, mnunue kwingine kabisa. Anayemjibu mteja vile hastahili senti.

Na kama yeye mwenyewe anasoma: pesa sitaki. Nataka vidonge vya mkupuo wa kwanza, ule unaoelemea kahawia, vya kutosha kifua na mikono miwili. Nitumie, nami nitalipa tena.