Miezi saba na mhudumu wa mzee nyumbani: tathmini ya huduma tuliyoilipia Ilala

Kwa miezi saba sasa nyumba yetu ya Ilala, Dar es Salaam, imekuwa ikipokea mhudumu kutoka kampuni moja ya hapa jijini inayopeleka watunzaji wa wazee majumbani. Jina la kampuni sitalitaja, kwa kuwa yapo malalamiko ambayo bado tunayazungumza na uongozi wake, lakini huduma yenyewe nitaieleza kwa kirefu ili mwenye mzazi mgonjwa ajue cha kuuliza kabla hajatia saini.

Mama ana miaka 78. Kiharusi kilimwachia udhaifu upande wa kulia wa mwili na usemi mzito: neno analijua, ila hulitafuta kwa muda kabla halijamtoka. Aliporuhusiwa hospitalini kazi yote ilituangukia mimi na mdogo wangu wa kike, tukapokezana usiku na mchana kwa miezi mitano, hadi kiuno changu kikaanza kukataa kuinama na mdogo wangu akafunga biashara yake ya vitenge Kariakoo. Mjomba alitamka wazi kwamba kumlipa mtu baki amwogeshe mama ni sawa na kumtupa. Tulimsikiliza kwa adabu, kisha tukapiga simu, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akija Jumapili, anakunywa chai, anamwombea mgonjwa dua na kuondoka.

Mkataba ulikuwa wa mhudumu wa mchana, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Jumamosi, kwa Sh600,000 kwa mwezi pamoja na amana ya mwezi mmoja. Kwa familia nyingi za mjini hizo si fedha ndogo, na sisi tulichangishana ndugu wanne ili kuzipata.

Kabla ya kazi kuanza, muuguzi msimamizi alikuja kuikagua nyumba, na ziara hiyo peke yake ilitufaa kuliko nilivyotarajia. Aliondoa mkeka uliokuwa ukijikunja ukumbini, akataka taa iwashwe usiku kucha kati ya chumba cha mama na choo, akamvua mama kandambili na kutuagiza viatu vya kufunga nyuma visivyoteleza, kisha akamwonyesha fundi wetu mahali pa kufunga vyuma vya kushikia ukutani. Kitandani alitufundisha kumgeuza mama kila baada ya saa mbili kwa kutumia shuka lililokunjwa chini ya mgongo, na kuweka mto chini ya miguu ili visigino visiguse godoro, kwa maana vidonda vya kitandani huanzia hapo, na kwenye makalio na nyonga. Kabla ya hapo tulikuwa tukimgeuza tunapokumbuka tu.

Mhudumu wa kwanza alikuwa mwanamke wa makamo aliyekuja kutoka Manzese kwa basi la mwendokasi. Asubuhi ya kwanza aliingia chumbani, akapiga goti kidogo karibu na kitanda, akasema, "Shikamoo mama." Mama akaanza kulitafuta neno. Mimi nilikuwa mlangoni na, kama nilivyozoea, nilitaka kumjibia, lakini yule dada aliniinulia kiganja bila kugeuka, akabaki pale pale akimtazama mama usoni. Ilichukua muda mrefu hadi "marahaba" ikatoka, imevunjika katikati, lakini ilikuwa ya mama mwenyewe. Tangu aliporudi nyumbani hakuna aliyekuwa amempa nafasi hiyo, na sisi wanawe ndio tuliokuwa wa kwanza kumnyima kwa kudhani tunamsaidia.

Mengine niliyajifunza kwa kumwangalia akifanya kazi. Alipomvisha mama dera, aliuingiza kwanza mkono wa kulia, ule dhaifu, kisha ule wenye nguvu; wakati wa kuvua alianza na wenye nguvu na kumalizia na dhaifu. Sisi tulikuwa tukifanya kinyume, na kila asubuhi mama alilia tukidhani ni ukaidi wa ugonjwa. Kiti cha magurudumu alikiweka upande wa kushoto wa kitanda, upande ambao mama anaweza kujiegemeza, na hakumsogeza kabla ya kukanyaga breki na kuzijaribu kwa mkono. Hakumnyanyua kwa kumshika kwapani hata mara moja. Alituambia kwamba misuli ya bega la upande uliopooza haina nguvu ya kulishikilia, na bega huchomoka kwa urahisi. Wakati wa kula alimkalisha wima kabisa, uji ukiwa mzito, kijiko kikiingilia upande wa kushoto wa mdomo, na baada ya mlo hakumlaza mpaka nusu saa ipite. Maji matupu yalikuwa yakimpalia mama kila siku kabla ya hapo. Ndani ya wiki mbili kupaliwa kulipungua sana.

Kwa hiyo nikipima thamani ya huduma hii, sihesabu tu saa ambazo mama alikaa na mtu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliitambua familia kuwa ndiyo nguzo ya matunzo ya mzee, na ndivyo hali ilivyo Dar es Salaam, ila familia hiyo haifundishwi na mtu yeyote namna ya kumvisha nguo mtu aliyepooza. Katika miezi miwili ya mwanzo tulichokuwa tukikilipia zaidi ni mafunzo yetu sisi, hata kama mkataba haukusema hivyo, na mchana ule mmoja wa wiki ya pili nilipolala saa tatu mfululizo bila kuitwa nauhesabu kuwa sehemu ya matibabu ya mama.

Mwezi wa tatu wa huduma mambo yaliharibika. Jumatatu moja akaja binti mwingine kabisa, bila simu wala ujumbe, akasema ametumwa. Alisalimia akiwa anafungua mkoba wake na hakungoja jibu. Adhuhuri nilimkuta akimvuta mama kwa mkono wa kulia ili amkalishe, na kwa siku kumi zilizofuata bega lile lilihitaji dawa ya maumivu na ziara mbili kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, gharama zikiwa juu yetu. Simlaumu sana binti. Alikuwa na wiki moja tu ya mafunzo na aliniambia hivyo mwenyewe huku akitokwa machozi. Lawama yangu ni kwa ofisi, ambayo ilijibu simu ya nne, ikaahidi kulishughulikia, na kumrudisha mhudumu wa kwanza baada ya siku kumi na nane. Mzee mwenye usemi mzito hawezi kueleza upya kila wiki kwamba upande wake unaouma ni upi, na kampuni inayobadilisha watu kama zamu za mgahawa haijaielewa biashara yake yenyewe.

Daftari la kila siku, ambamo mhudumu huandika presha, chakula, choo na dawa, lilikuwa limechapwa kwa Kiingereza, na mama mdogo, anayekaa na mgonjwa usiku, hakuweza kulisoma. Tuliomba, wakaleta la Kiswahili ndani ya wiki. Siku za mvua kubwa, barabara ilipofungwa Jangwani, mhudumu alifika saa nne, na siku hizo hazikukatwa kwenye malipo mpaka nilipodai.

Lipo pia jambo la saa za kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, wakati mhudumu wetu, hata ukitoa saa moja ya chakula, alikuwa akifanya 54. Nilipomuuliza kama zile tisa analipwa kama za ziada, alicheka tu na kuendelea kukunja shuka. Nimeliandika swali hilo kwenye barua kwa kampuni na bado halijajibiwa.

Pamoja na hayo tumesaini miezi sita mingine, safari hii siku nne kwa wiki, na tumeandikisha kifungu kwamba mhudumu hatabadilishwa bila taarifa ya siku saba na bila mgeni kushinda siku mbili nzima pamoja na anayeondoka. Kampuni ilisita, kisha ikakubali. Mwenye mgonjwa aliyewekewa mpira wa mkojo au mwenye kidonda cha kufunga asichukue kiwango hiki cha huduma, kwa kuwa mhudumu si muuguzi na mkataba unasema hivyo kwa maandishi madogo ukurasa wa tatu. Aombe muuguzi, na bei yake ni nyingine. Mdogo wangu amefungua tena meza yake ya vitenge kwa siku hizo nne. Mjomba bado huja Jumapili, ila siku hizi akisalimiana na mama hukaa kimya, anangoja.