Stendi ya Kupigia Picha Mwezi: Ukiwa Mtwara, Angalia Kichwa Kwanza

Agosti iliyopita nilitega kamera uani kwetu Shangani, mwezi mpevu ndiyo kwanza unachomoza baharini. Lenzi ya mm 18 kwenye kamera ya kawaida, ukiisimamisha wima, inabeba kama nyuzi 65 za anga, na mwezi hutembea takriban nyuzi 14.5 kwa saa. Awamu ya kwanza, picha moja kila dakika tano, ikanifikisha saa nne na nusu usiku, mwezi ukawa unatoka juu ya picha. Nikainua kamera kuufuata mwezi kwa awamu ya pili. Ule mkono mrefu wa kuinamishia kamera, uliofungwa kwenye kichwa cha stendi (sehemu ya juu inayoshika kamera), ukagonga mguu wa stendi, ukakwama. Kazi ya usiku ule ikaishia hapo.

Tangu siku hiyo, anayeniuliza anunue stendi gani simtajii urefu wala uzito. Namuuliza kama inatazama juu. Sisi tuko nyuzi 10 kusini mwa ikweta, na mwezi mpevu wa Agosti hupita karibu kabisa na utosi, saa sita na robo hivi usiku. Miongozo mingi imeandikwa na watu wa Ulaya, ambako mwezi haufiki utosini. Jambo hili haliwagusi.

Namba moja kwangu ni Manfrotto 055 yenye kichwa cha gololi, yaani kamera inageuka juu ya gololi, hakuna mkono mrefu, na naipenda waziwazi. Kichwa hicho kina mfereji ubavuni, ambamo shingo ya gololi huingia. Ugeuze uwe nyuma ya kamera, shika kamera vizuri, ilaze humo taratibu: lenzi inatazama juu kabisa. Miguu yake ni mizito, upepo wa kusi hauiyumbishi. Ipanguse kwa kitambaa cha maji yasiyo na chumvi kila ukitoka ufukweni, chumvi inakula skrubu.

Namba mbili, Benro au Sirui zenye kichwa cha namna hiyo hiyo. Ni nafuu zaidi. Zile nyepesi zifungie mfuko wa mchanga.

Za mkono mrefu za bei chee, usinunue. Kama unayo tayari, funga kamera kinyumenyume, lenzi ielekee upande wa mkono. Ukiuinua mkono, lenzi nayo inapanda.

Ila wauzaji wananiumiza. Yangu niliagiza Dar kwa simu, shilingi 85,000, ikaja na basi. Nilipolalamika nikajibiwa mali ikishauzwa hairudishwi. Ukienda dukani mwenyewe, boksi halifunguliwi mpaka ulipe. Huku kwetu wengi pesa ya maana tunaishika mara moja kwa mwaka, korosho zikiuzwa, halafu mtu anakutaka ununue kitu ambacho hujakigusa!

Nenda na kamera yako. Ifunge kwenye stendi palepale kaunta, uilaze mpaka lenzi itazame dari ya duka. Muuzaji akikataa, mwachie stendi yake.