Ushauri wa waliofiwa, Malindi: nyota 4, ya 5 imeliwa na benchi

Naandika manake kabla sijaenda nilitafuta mtu aliyekwisha kwenda anieleze kukoje, sikupata. Jina la mahali silitaji, lawama zangu ziko huko chini na watu wenyewe wamenifaa. Ni Malindi, mimi natoka Lamu, Langoni.

Nilifiwa na mume wangu. Siku za matanga nyumba ilijaa, watu wamelala mpaka darini, birika la chai haliteremki motoni, khitma ikasomwa kila mtu akarudi kwake nikabaki na eda yangu ya miezi 4 na siku 10, na kofia yake ya vito iko pale pale msumarini hakuna aliyethubutu kuiondoa. Hapo ndo mawazo yakaanza. Si kulia, kulia nilishachoka. Ni usiku nawaza tu nimfuate, mwanzo kama mtu anayetamani safari, lakini kufika mwezi wa tatu nikajikuta napanga. Nkamgusia mtu wa nyumbani akanikata kauli hapo hapo, astaghfirullah, hilo ni haramu usilirudie. Najua ni haramu! Sisemi dini haisaidii, alfajiri ndo ilikuwa inanitoa kitandani, ila baada ya jibu lile nikafunga mdomo. Na polisi pia nilikuwa nawaogopa, tangu zamani tunasikia ukijaribu unashtakiwa, na ni kweli kifungu 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilikuwa kinasema hivyo mpaka Mahakama Kuu ikaja kusema Januari 2025 kwamba kinakwenda kinyume na katiba.

Aliyenishtukia ni wifi yangu. Eda imeisha kanikuta nagawa leso zangu, zile nzuri kabisa, akaniuliza wifi kwani wewe unahama? Nikashindwa kujibu. Kesho yake asubuhi tuko kwenye boti ya Mokowe, kisha basi, Witu, Minjila, mpaka Malindi. Lamu kwenyewe nilikataa katakata, ukiingia mlango wa watu saa nne, laasiri mtaa mzima unakupa pole.

Sasa huduma yenyewe. Kuna mama mmoja wa makamo, kajifunga leso, feni juu inalia kwii kwii. Hakuanza na karatasi. Aliniuliza marehemu alikuwa anapenda kula nini, nkamwambia, nikazungumza wee mpaka nikajishangaa, halafu akanitazama akaniuliza, mwanangu, unafikiria kujiua? Hivyo hivyo, neno lenyewe. Miezi yote ile hakuna aliyelitamka. Nilidhani nitaona aibu, kumbe pumzi ndo ilinishuka. Baadaye alinambia watu wanaogopa kuuliza wakidhani watamtia mtu wazo, na si kweli, kuuliza hakumtii mtu wazo, kunampa mlango wa kusema.

Kisha akauliza lingine ambalo mimi sikujua kama lina tofauti: unatamani umfuate, au umepanga? Kwa njia gani, na lini? Alisema kutamani kumfuata waliofiwa wengi wanakusema, si wazimu na si imani haba, lakini mpango ni jambo jingine halingoji miadi ya wiki ijayo. Na hawakungoja kweli. Waliniuliza kama wifi anaweza kuingia, akaingia, akaambiwa nini kiondoke mle nyumbani kwangu na kwamba nisilale peke yangu, na daktari akaniona siku hiyo hiyo. Yule mama akachana karatasi ya daftari tukaandika pamoja: nikianza kuona nini nijue hali inarudi, nifanye nini kwanza, nimpigie nani. Wifi wa kwanza, jirani wa pili, chini 1199, ile namba ya bure ya Red Cross Kenya. Iko nyuma ya kava ya simu mpaka leo, imeshaloa mara moja na maji ya bahari.

Kilichonipendeza zaidi hakuna aliyenambia nisahau. Walinieleza huzuni haina tarehe ya kuisha, ila ikipita miezi 6 na bado imemkaba mtu hawezi kuishi, WHO wenyewe, Shirika la Afya Duniani, wanaihesabu ni ugonjwa unaotibika. Mimi nilikuwa najiona mdhaifu tu.

Haya, ubaya. Benchi la kungojea liko njiani, wote wapitao wanakuona, na mtu katoka Lamu kwa kukimbia macho! Mara ya pili nikakutana na mtu wa kwetu kaja kutazama mgonjwa, nkasema nina presha. Ukuta mwembamba, unamsikia wa chumba cha pili akilia. Fomu ni Kingereza kitupu, wifi ndo alinijazia. Na walisema watapiga simu Alhamisi wakapiga Jumamosi, wakaomba radhi sawa, lakini kwa mtu aliye hali ile siku mbili ni nyingi mno, tena nyingi.

Gharama mara ya kwanza sikulipa kitu, nauli ndo iliyoniumiza. Sasa naenda mara moja kwa mwezi, nyingine tunazungumza kwa simu. Kofia bado iko msumarini. Yule mama kanambia hakuna haraka, nikaiacha.