Hanesi ya mashindano kwenye Subaru ya kila siku: uzoefu wangu wa miaka miwili

Naanza na ile hanesi (mkanda wa usalama wa mashindano) niliyoitoa, maana ndiyo wengi wenu mtaiona kwanza madukani. Ilikuwa ya kijani, ya pointi nne (inafungwa garini sehemu nne), imeshonwa jina la kampuni kubwa ya Kijapani ambayo nina hakika haikuwahi kuigusa. Pale Kirinyaga Road, Nairobi, nilitajiwa shilingi 6,500, nikaipata kwa 5,000 bila hata kubishana sana. Ningekuwa na akili siku hiyo ningejiuliza kwa nini.

Gari ni Impreza ya 2004. Naenda nayo kazini, inapeleka watoto shule, na Jumapili mojamoja naipeleka otokrosi, mbio za magari kwenye njia fupi ya udongo, ikale vumbi. Kwenye kona za kubana, mkanda wa kawaida haukushiki. Unajikuta unaning'inia kwenye usukani badala ya kuuzungusha, na goti la kushoto limechubuka kwa kujikita kwenye konsoli. Nakiri wazi kwamba sikuwa natafuta usalama. Nilitaka tu kutulia kitini.

Fundi aliniambia, "Bosi, hii ni kazi ya nusu saa." Mpango wake ulikuwa kutoboa sakafu nyuma ya kiti changu, kupitisha boliti mbili, kisha kukaza kwa washa zenye ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini. Nikamkubalia. Bati la sakafu ya gari dogo ni jembamba, unaweza kulikunja kwa koleo, na washa ya ukubwa ule ingechomoka humo kama kifungo cha shati. Hilo sikulijua. Niliendesha hivyo mashindano mawili, kifua mbele.

Aliyenizindua ni mzee mmoja jirani yangu, navigeta wa rali enzi zake. Alichungulia ndani akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Kaa ujifunge, kijana. Kaza kabisa."

Nikajifunga. Akaenda kiti cha nyuma, akashika mikanda miwili ya mabega na kuivuta kwa mikono yote. Kifungio kilichokuwa chini karibu na kinena kikapanda hadi kitovuni, na mkanda wa kiuno ukaja nacho.

"Umeona mzee anavyovuta? Sasa gari likigonga ukiwa mwendo wa themanini, mwili wako ndio utakaovuta. Makalio yatateleza mbele, mkanda utaingia tumboni. Na tumbo halina mfupa."

Hiyo ndiyo kasoro ya pointi nne za kawaida: mikanda ya mabega inakiinua kifungio, na mkanda wa kiuno unaacha mifupa ya nyonga, mahali pekee unapotakiwa kukaa. Hanesi za pointi tano na sita zina mkanda wa katikati ya mapaja unaokizuia kifungio kisipande. Tatizo ni kwamba kiti cha kiwandani hakina tundu la kuupitisha, na kulikata tundu kwenye siti yenye sponji na fremu ya mabomba ni kujitafutia balaa jingine.

Baada ya kusoma usiku kadhaa niliagiza Schroth, ya Ujerumani, yenye mfumo wanaouita ASM, wa kuzuia mwili usiteleze chini ya mkanda. Iliponifikia ilikuwa imekula zaidi ya shilingi elfu hamsini na usafiri wake, na mke wangu hadi leo anajua ni elfu ishirini. Ni ya pointi nne pia, ila kwenye mkanda mmoja wa bega kuna mkunjo ulioshonwa. Gari likigonga, mshono ule unaachia na mkanda ule unarefuka kidogo kuliko mwenzake. Kiwiliwili kinajipinda kidogo upande mmoja, kama kinavyofanya kwenye mkanda wa kawaida, na nyonga zinabaki zimebanwa na mkanda wa kiuno. Kwa hiyo seti ya kulia si sawa na ya kushoto. Sisi usukani wetu uko kulia. Ukiagiza nje bila kulitaja hilo utaletewa ya usukani wa kushoto, na mkunjo utakaa bega lisilo lake.

Kuhusu ubora wa bidhaa yenyewe sina mengi. Utepe ni mzito, mshono umenyooka, lebo zimeshonwa ndani ya utepe wala hazikubandikwa kwa gundi. Kazi ilikuwa kuifunga.

Safari hii sikumpa fundi drili kabla ya kumpa karatasi. FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, wameandika vipimo vyote kwenye kifungu cha 253 cha Kiambatisho J, na vinapatikana bure. Mikanda ya mabega iteremke kwenda nyuma kwa pembe isiyozidi digrii 45 kutoka mlalo, na wanapendekeza isipite 10. Isitanuke wala kubanana zaidi ya digrii 20 kutoka mstari wa katikati ya kiti. Ukitoboa sehemu mpya ya kufungia, uweke bamba la chuma lenye eneo la angalau sentimita 40 za mraba na unene wa milimita 3. Kila sehemu ya kufungia mikanda ya mabega na ya kiuno istahimili daN 1,470 (dekanewtoni, kipimo cha nguvu), ambayo ni kama kuning'iniza tani moja na nusu kwenye boliti moja. Soma hapo tena kisha ufikirie ile washa.

Kwa nini pembe? Mkanda ukishuka wima kutoka begani hadi sakafuni, siku ya ajali hauvuti mwili nyuma, unaukandamiza chini. Uti wa mgongo ndio unaobeba. Na kama mkanda unapita juu ya kiti cha kawaida kinacholala, mgongo wa kiti nao unavutwa, na ile nyenzo ya kulalia haikuundwa kwa mzigo huo. Matundu ya yule fundi, niliyoyapima kwa simu, yalikuwa yananipa digrii 60 na kitu.

Mikanda ya mabega nikaihamishia kwenye sehemu za kiwandani za mikanda ya abiria wa nyuma, chini ya kiti. Pale chuma kimeimarishwa tangu Japani. Nilipima digrii 32. Ni chini ya 45, ila bado ni mbali na 10. Boliti za mikanda kwenye gari hili ni za inchi 7/16, uzi wa UNF (mikato myembamba ya vipimo vya inchi), na hapa fundi mpya naye alinitia jasho: hakuwa nazo, akataka kulipanua tundu kwa tepu, kile chuma cha kukatia uzi wa boliti, ili boliti ya milimita 12 iingie. Nikakataa. Boliti za pete za saizi sahihi nilizipata kwa muuzaji wa vifaa vya rali Industrial Area, na zikazama hadi bega la boliti likakaa juu ya chuma bila mwanya. Ukiona uzi umebaki nje, pete itapindika ikivutwa upande.

Upande wa mlango, mkanda wa kiuno ulitumia boliti ileile ya mkanda wa kiwandani. Upande wa ndani ndio uliokula Jumamosi nzima. Kifungio cha mkanda wa kiwandani kwenye gari langu kimefungwa kwenye kiti chenyewe, na FIA hawaruhusu hanesi ifungwe kwenye kiti wala kwenye miguu yake. Ikabidi kutoboa sakafu kando ya handaki la gia, bamba la milimita 3 kwa chini, kingo zimelainishwa kwa grinda, rangi ya kuzuia kutu, kisha silanti. Kabla ya kutoboa tuliinua gari tukaangalia chini, maana hapo pana bomba la ekzosi, na kuna magari ambayo mabomba ya mafuta na ya breki hupita papo hapo. Fundi alikuwa tayari ameshaweka alama ya chaki sentimita mbili kutoka kwenye bomba la breki. Sikumlaumu, alikuwa ndani ya gari, haoni.

Jambo moja dogo linalokosewa na karibu kila mtu, hata kwenye magari ya watu wanaojiita wakongwe: ile slaida ya chuma yenye vijiti vitatu. Utepe ukishapita unatakiwa urudishwe tena ndani ya slaida, na mkia ubaki nje angalau sentimita 10. Ukiupitisha mara moja tu unashika vizuri kwa mkono, hata ukiutikisa, lakini ukivutwa kwa nguvu ya ajali unateleza wote.

Sasa matumizi. Kwenye otokrosi ni raha tupu, sina neno jingine. Mwili umetulia, mikono imepata uhuru, na unahisi nyuma ya gari ikianza kuteleza mapema kuliko zamani kwa sababu mgongo wako na kiti ni kitu kimoja. Utaratibu: kaza kiuno kwanza, chini kabisa kwenye nyonga, ndipo mabega. Ukianza na mabega utainua kifungio mwenyewe.

Barabarani naivua. Nimejaribu kuendesha nayo Thika Road mara moja na sirudii. Huwezi kujiinua kuchungulia makutano, hufikii kioo cha mlango wa pili, na ukidondosha tiketi ya maegesho imekwenda. Kubwa zaidi ni paa. Gari langu halina fremu ya chuma ya kuzuia paa lisibonyee. Likipinduka, mkanda wa pointi tatu, ule uliobuniwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, unakuachia angalau kuinama upande. Hanesi inakushika wima, kichwa kikikabiliana na paa. Wengine hujibu kwamba dawa ni kuweka fremu. Sawa, lakini fremu ndani ya gari la kupeleka watoto shule ni bomba la chuma sentimita chache kutoka vichwa visivyo na helmeti. Mkanda wa kiwandani haujaondolewa kwangu na hautaondolewa. Ndio ninaotumia siku sita kwa wiki.

Kuna na shingo. Hanesi inashika mabega, kichwa kinaendelea mbele peke yake. Kwa ajili hiyo Robert Hubbard na Jim Downing walitengeneza HANS, ile kola ya kushikilia helmeti, na Formula 1 ikailazimisha kuanzia 2003. Nilitaka kuinunua nikagundua inataka mikanda ya mabega isishuke zaidi ya digrii 20 hivi, na mimi nina 32. Maana yake ni bomba la kukingama nyuma ya kiti kwa urefu wa mabega, ndani ya fremu kamili. Tunarudi palepale. Nimeamua kubaki na otokrosi za mwendo wa chini, na mbio za kasi kubwa nimewaachia wenye magari yao ya kazi hiyo tu.

Malalamiko yangu kwa bidhaa: vumbi letu jekundu linaingia kwenye kifungio, na baada ya kila shindano nakipuliza kwa kompresa la sivyo kinakuwa kizito kufunguka. Chuma chake kikiachwa juani kinaunguza kweli. Maelekezo ya kufunga yanamdhania msomaji ana gari la Ulaya, na picha ni ndogo. Na utepe unaoachwa juani mwaka mzima unapauka, kwa hiyo mimi naufungua na kuuweka ndani ya begi. Hanesi zenye muhuri wa FIA zina tarehe ya mwisho kwenye lebo; mkinunua iliyotumika, angalieni hiyo kabla ya bei.

Kwa bidhaa, nyota nne. Kwa ufungaji nimetumia karibu elfu kumi na nane nyingine, pamoja na mabamba, boliti na chakula cha mchana cha fundi, na sikuijutia hata shilingi moja. Matundu ya mwanzo tuliyaziba kwa kuchomelea bati.

Ile ya kijani ninayo bado. Inafunga mtungi wa gesi nyuma ya pikapu ya shemeji, na mpaka sasa mtungi haujalalamika.