Jumamosi nne za kujifunza R Westlands: uzoefu wangu

Kazi yangu ni kuhesabu mbu. Wenzangu hutega kwa mitego ya taa kwenye nyumba za watu kule Ahero, mimi nakaa Nairobi na hadubini: Anopheles upande huu, Culex upande ule, kisha hesabu naiingiza Excel. Shida yangu haikuwa mbu. Shida ilikuwa msimamizi wangu kuniambia, baada ya grafu kumi na moja kukamilika, "Hebu toa zile nyumba mbili za kando ya mto tuone." Hapo narudi mwanzo, kubofya upya usiku kucha.

Chuoni tulitumia programu ya takwimu ya kulipia. Leseni ilikuwa ya chuo, kwa hiyo nilipohitimu nilibaki na faili ambazo kipakatalishi changu hakikuweza kuzifungua. Ndiyo maana nilipoona tangazo la mafunzo ya R kwa wanabiolojia, Sh12,000 kwa Jumamosi nne, nilituma pesa kwa M-Pesa jioni ileile. R ni programu huria ya takwimu. Ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na toleo lake la 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000. Huilipii hata senti, na hakuna atakayekufungia faili zako ukishahitimu.

Siku ya kwanza nilikaribia kudai pesa zangu. Nimepanda matatu mbili kutoka Kahawa West, nimefika saa tatu kamili, halafu hadi saa saba watu ishirini tunang'ang'ania Wi-Fi moja kupakua vitu. Kwanza R yenyewe, kisha RStudio ya kuiandikia, kisha vifurushi, yaani nyongeza za R. Ukiomba kimoja, tidyverse, kinakuja na ukoo mzima. Kwa nini wasitutumie maelekezo kwenye kundi la WhatsApp wiki moja kabla, au walete vitu vyote kwenye flashi? Nimewaandikia hivyo kwenye fomu ya maoni, na narudia hapa.

Mchana tukapewa data ya kujifunzia: maua ya irisi, 150, aina tatu, hamsini kwa kila aina. Ni data ile ile ambayo mwanatakwimu R. A. Fisher aliichapisha mwaka 1936, nayo ilikusanywa na mtaalamu wa mimea Edgar Anderson. Ni safi mno. Hakuna pengo, hakuna jina lililokosewa, na mimi sijawahi kuliona ua lenyewe. Data ya namna hiyo inakudanganya kwamba uchambuzi ni kuchora tu.

Jumamosi ya pili ndiyo iliyonirudishia imani. Mwalimu, ambaye mwenyewe ni mtu wa mimea, alisema kila mmoja afungue data yake. Niliandika mstari mmoja wa kuhesabu kila jina la spishi na R ikanionyesha Anopheles gambiae mara sita, kama aina sita tofauti. Kuna iliyoandikwa kwa herufi ndogo, kuna iliyofupishwa "An" bila nukta, na mbili zilizofanana kabisa machoni mwangu. Nikabandika karatasi nyekundu. (Utaratibu ni kubandika kijikaratasi cha kijani kwenye skrini ukiwa sawa, chekundu ukikwama, ili usiaibike kunyoosha mkono, ni desturi iliyosambazwa na Software Carpentry, mradi wa kuwafundisha watafiti kuandika msimbo.) Mwalimu akaja, akacheka. "Dada, moja ina nafasi mwishoni." Miaka miwili nimekuwa nikijumlisha vibaya na Excel haikuniambia kitu.

Jirani yangu wa jenetiki alikuwa na kisa kibaya zaidi: Excel ilikuwa imeigeuza jeni yake SEPT2 kuwa tarehe ya Septemba. Si yeye peke yake. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu iliamua kubadilisha majina yenyewe, SEPT2 ikawa SEPTIN2, MARCH1 ikawa MARCHF1. Yaani jeni ilihama ili Excel ikae.

Kilichonisaidia zaidi ni lugha. Mwalimu alifundisha kwa Kiswahili, na Sheng ya hapa na pale. Ile alama ya kuunganisha hatua, mstari wima na kichwa cha mshale, alituambia tuisome "kisha". Chukua mbu, kisha chuja Ahero, kisha panga kwa mwezi, kisha jumlisha. Msimbo ukawa kama maelekezo ya kupika pilau. Na ukikosea, hakukimbilia kukurekebishia: "Soma kosa lenyewe kwanza." Kosa langu karibu kila mara lilikuwa kuandika Mbu mahali nilipoita mbu. R haisamehi herufi kubwa.

Upande wa takwimu ndiko walikopwaya. Tulifundishwa kulinganisha wastani na kuchora mstari ulionyooka, basi. Mbu hawako hivyo: usiku mwingi mtego una sifuri, kisha usiku mmoja wanaingia mia mbili, na nyumba ileile inategwa tena na tena. Hapo unahitaji modeli ya binomia hasi, yaani ya hesabu zinazotawanyika sana, na namna ya kuzingatia kwamba nyumba inajirudia. Nilipouliza, jibu lilikuwa, "Hiyo ni kozi nyingine, dada." Angalau hakunidanganya. Hiyo nimejifunza mwenyewe, polepole, na bado naisoma.

Wiki iliyopita msimamizi alisema turudishe zile nyumba mbili. Nilifuta mstari mmoja kwenye skripti, lile faili la msimbo wangu, nikaiendesha upya, grafu zote kumi na moja zikatoka kabla chai haijapoa. Sikumwambia ni rahisi kiasi hicho.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ukijiandikisha, pakua kila kitu nyumbani, nenda na data yako chafu jinsi ilivyo, na ubebe ekstensheni. Soketi za ukumbi ni nne tu, na wanaowahi huzikalia.